Maana ya Neno Nililompelekea Mselem

Riyadh, Jumanne. Vumbi limefunika mji tangu asubuhi, jua linaonekana jekundu na butu, na watu wanatembea wameziba pua kwa vilemba. Niko katika chumba cha kukodi, mtaa wa Manfuha. Upenyo wa dirisha nimeuziba kwa taulo, lakini nikifunga mdomo bado nahisi mchanga kwenye meno.

Sina hali.

Naandika hapa daftarini kwa kuwa sina mwengine wa kumwambia. Wengi wa wale niliokuwa nikiwaambia mambo ya namna hii tumeshawazika Jeddah, mmoja mmoja. Aliyebaki ni Mselem, na leo adhuhuri nimetoka nyumbani kwake bila kupewa mkono.

Kesho alasiri anapanda ndege kwenda Kanada kwa mwanawe wa kiume. Figo zake zimechoka, na mkataba wa kazi wa bintiye Zuhura, muuguzi hapa Riyadh, umekwisha, kwa hiyo wanaondoka wote na hawarudi. Mimi nimepita miaka themanini, ikama yangu, kibali cha kukaa nchi hii, inafuata ya mwanangu, na Kanada sitofika. Ama tutaonana kesho asubuhi, ama hatutoonana tena.

Tulitoka Unguja pamoja, tukaingia Jeddah pamoja, tukalala chumba kimoja mtaa wa Kandara mpaka kila mmoja alipooa. Kwetu mtu hasafiri safari kama hii bila ya kuwiana radhi. Unamwendea, unasema niwie radhi, naye anajibu nimekuwia, na wewe niwie. Maneno machache, watu huyasema mlangoni huku teksi inangoja. Mselem hataki kuyasema.

Wiki iliyopita Zuhura alinipigia simu.

"Shikamoo Ami. Baba anasema kama unataka radhi, umletee maana ya lile neno. Tena uje uisome mbele yake."

"Neno gani?"

"Mie sijui. Anasema wewe walijua."

Nalijua. Neokoni.

Mwaka wa vita ya Iraki tulikuwa na baraza letu Kandara, kila Ijumaa baada ya Alasiri, nyuma ya duka la Haji fundi cherehani. Haji ndiye aliyekuwa na dele, birika letu la kahawa la shaba, na lilikuwa na desturi yake: mtu akikosekana Ijumaa mbili, ya tatu dele lilimfuata nyumbani. Tulikwenda sote na kahawa yetu na vikombe vyetu, kumjulia hali. Aliyesusa tu ndiye hakufuatwa. Kumfuata aliyesusa, tulikuwa tukisema, ni kumvimbisha kichwa. Atarudi mwenyewe akichoka.

Katika baraza zima, Mselem peke yake aliiunga mkono vita ile. Mselem, aliyekuwa kushoto kuliko sisi sote tulipokuwa vijana, aliyetusomesha maana ya tabaka na ya unyonyaji mpaka tukasinzia. Baada ya mapinduzi, serikali ya wenzake mwenyewe ilimtia gerezani, na alipotoka hakutaka tena kusikia neno "komredi". Barazani alisema dhalimu wa Baghdad lazima atolewe, na amtoe yeyote.

"Basi ukifika Baghdad na hao wakweo wa Kimarekani," Haji akamwambia, "usisahau kutuletea tende!"

Walicheka. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri habari za gazeti kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu, na neno hilo lilikuwa likinipita mkononi kila siku. Nikasema, huyu ndiye neokoni wa Kandara. Wakacheka zaidi, na jina likamganda. Mwaka uliofuata akaacha kuja. Tukasema amesusa. Kabla ya mwaka kwisha alihamia Riyadh.

Niseme kweli. Nilipofunga mkoba wangu Jeddah sikuwa nakwenda kuomba msamaha. Niliona, na bado naona, kuwa vita ile ilikuwa dhulma na upumbavu. Nilitaka radhi ya rafiki yangu bila ya kurudisha nilichokiamini, na sikujua vitu hivyo viwili vitaingiaje katika sentensi moja. Kwa hiyo nikafanya ninachokiweza. Nikakaa wiki nzima na vitabu vyangu, nikaandika maana.

Naiweka hapa kwa ufupi.

Kwa Kiswahili tunasema uhafidhina mamboleo. Watu huuchanganya na uliberali mamboleo, ambao ni habari ya masoko na ubinafsishaji, kitu kingine kabisa. Huu ulizaliwa New York, miongoni mwa wasomi ambao wengi wao walianza kushoto. Walikuwa watoto wa wahamiaji maskini, wengi Wayahudi ingawa si wote, waliosoma chuo cha bure na kubishana juu ya ujamaa kwenye meza za kulia chakula. Mapema sana waliichukia Moskow, kwa sababu waliona ujamaa ule umekuwa jela. Kisha wakawa waliberali wa kawaida, watu wa chama cha Demokrati, waliotaka serikali imsaidie maskini.

Katika miaka ya sitini na sabini mioyo yao ikapoa. Waliitazama mipango mikubwa ya serikali ya kuondoa umaskini wakasema inaleta madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia. Waliwaona wanafunzi wakivuruga vyuo vikuu, na baada ya Vietnamu waliona chama chao kimeingiwa na woga wa kuikabili Urusi. Mjamaa mmoja, aliyekuwa mwenzao, akawapachika jina hili kuwakejeli. Wengine walilikataa. Wengine walilivaa.

Chini ya rais aliyewahi kuwa mchezaji sinema wengi walihamia chama cha Republican, lakini hawakufanana na wahafidhina wa zamani. Hawakuchukia kila msaada wa serikali, na hawakutaka Marekani ijifungie nyumbani. Waliamini kuwa tabia ya utawala ndani ya nchi ndiyo inayoamua tabia yake nje, kwamba nguvu za Marekani ni kheri kwa dunia, na kwamba hazipaswi kungoja ruhusa ya mataifa mengine. Urusi ya kikomunisti ilipoanguka, kizazi chao cha pili kilibaki na nguvu zile bila ya adui. Baada ya minara ya New York kuangushwa, sauti yao ilisikika karibu na wenye kuamua, na Iraki ikafuata. Hawakuwa peke yao waliotaka vita ile, lakini hoja ya kuwapelekea watu uhuru kwa jeshi ilikuwa hasa yao.

Na hapa pana jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Wazee wao walianza kwa kuonya kuwa serikali haiwezi kuujenga upya mtaa mmoja wa New York bila ya kuvunja vitu isivyoviona. Vijana wao wakaamini kuwa jeshi linaweza kuijenga upya Mesopotamia yote.

Leo hata ndani ya chama chao jina hili limerudi kuwa tusi.

Hiyo ndiyo karatasi niliyopanda nayo basi kutoka Jeddah. Naona haya kusema kuwa njiani nilikuwa nikiisifu.

Leo asubuhi nilikwenda mtaa wa Naseem, anakokaa na Zuhura. Masanduku yamepangwa mlangoni, zulia limeshakunjwa. Mselem yuko juu ya kiti, miguu imevimba, shuka magotini. Nilimtambua kwa macho yake tu.

"Umenona, Kamusi," akasema. Kamusi ndilo jina aliloniita tangu ujana.

"Nimezeeka."

"Hayo yanakwenda pamoja. Soma."

Nikasoma. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale ninapowakataa wale wanaosema kuwa habari yote hii ni njama ya Wayahudi, na kusema kuwa huo ni uvivu wa akili, alifungua jicho moja.

"Hapo Haji angekurushia kiatu."

"Alinirushia, barazani."

Akatabasamu. Nikadhani tumefika.

Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri. Watu hawa sasa nawajua. Mie nimo wapi?"

"Humo, walipoanza kushoto."

"Wao waliihama kushoto kwa kusoma majarida. Mie kushoto imenihamisha kwa bakora." Alisema polepole, bila ya hasira. "Mle ndani, Kamusi, kila gari likisimama nje nilikuwa najiambia, hao wamekuja. Sikuuliza nani. Waingereza, Warusi, mashetani, yeyote mwenye ufunguo. Hakuja mtu. Basi nilipoona watu wanakwenda kumfungulia mwengine, unataka mie nikae nikuhisabieni nyie sheria ya kimataifa?"

Ningenyamaza. Lakini mimi sijui kunyamaza.

"Wenye ufunguo wako waliangusha na nyumba, Mselem. Watu wakiwamo."

"Wadhani sikuona?"

Aliitafuta pumzi. Zuhura akachungulia kutoka jikoni, baba yake akamwashiria arudi.

"Zile picha za gerezani," akasema. "Wafungwa wamevuliwa nguo, askari wa Kimarekani wanacheka. Gereza lile lile, la yule yule dhalimu. Wamelifagia wakaingia wao. Ile siku nilitapika. Ijumaa yake sikuja barazani, niliona haya. Ya pili pia. Nikasema, ya tatu watakuja. Haji atanicheka mpaka aanguke, Kamusi ataleta gazeti anisomee kwa sauti, na mie nitawaambia kweli, nimekosea. Nikamwambia mama Zuhura afagie ukumbi. Nikavaa kanzu."

Nje upepo uligonga bati la tangi la maji juu ya paa.

"Dele halikuja," akasema.

"Tulidhani umesusa."

"Nisuse?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ngeni. "Mie nikususieni nyie? Ningebaki na nani?"

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikibishana moyoni na mtu ambaye alishakubali nusu ya hoja yangu, na alikuwa amekaa ukumbini na kanzu safi akiningoja nije aniambie. Hata mmoja wetu hakutembea mitaa ile michache. Tulikuwa na adabu zetu. Aliyesusa hafuatwi.

Nikasema, "Niwie radhi."

"Kwa lipi? Neno nimeshalizoea." Akaivuta shuka. "Halas, Kamusi. Nimechoka. Nenda."

Nilinyosha mkono. Alikuwa ameshageukia ukuta. Zuhura alinisindikiza mpaka chini, akaniambia, "Ami, usimchukulie, ni dawa zile," nami nikamwambia najua, ni dawa. Si dawa.

Sasa ni baina ya Alasiri na Magharibi, na vumbi halijatua. Karatasi iko juu ya kitanda. Nimeisoma tena, na sikupata kosa. Kila jambo limekaa mahali pake na asili yake imeelezwa, ningeipeleka gazetini bila ya kubadilisha nukta. Kilichonitisha ni kuwa naweza kueleza kwa nini watu wa New York, nisiowahi kuwaona, walibadili mawazo yao, na sikujua kwa nini mtu niliyelala naye chumba kimoja aliacha kuja kunywa kahawa. Alipodai maana ya neno nilidhani ni mtihani wa kamusi. Nadhani alitaka tu nije, na hakujua namna nyingine ya kuniita.

Maana hiyo siyo ya kumpelekea tena.

Nimerudi sasa hivi, nilitoka kutafuta dele. Nimepita maduka yote ya mtaa huu mpaka macho yamewasha. Yapo mabirika ya Kiarabu yenye mdomo kama wa ndege, yapo ya Kihabeshi ya udongo, na zipo chupa za chai za Kichina za kila rangi. Dele la kwetu hakuna. La Haji sijui lilikwenda wapi alipokufa, watoto wake hawanywi kahawa.

Nimenunua chupa ya chai. Nyekundu, hakukuwa na nyingine ya ukubwa ule. Nimepata buni iliyokaangwa nyeusi, na tangawizi, na vikombe vidogo visivyo na mikono. Mwenye nyumba amenipa ruhusa ya jiko lake kesho baada ya Alfajiri.

Kila ukurasa huwa naufunga kwa kujipa moyo kuwa siku inayofuata ipo. Leo siwezi kujipa moyo huo. Inayofuata ni moja, na inakwisha alasiri.

Nitakwenda Naseem asubuhi. Huenda Zuhura akaniambia baba amelala. Nitakaa ngazini. Akinifungulia, sitasoma kitu, sitaeleza kitu, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu sitajibu. Nitammiminia kikombe, nikiweke pale mkono wake unapofika, nami nijimiminie changu.

Akinywa, nitajua amenipa radhi. Asipokunywa nitaendelea kukaa, kahawa ipoe mbele yetu, mpaka waje kumchukua.

Mselem, dele linakuja.