Kufuli la Gasenyi

Kibenga, Bujumbura, 6 Februari 1966

Mume wangu Baba Dévote,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na Dévote kikohozi kimemwachia. Mama yangu anakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje huko kwenye mkonge?

Nakuandikia juu ya nyumba yetu ya Gasenyi. Tangu ulipoifunga ukaondoka na ufunguo, majani yamefika dirishani. Watu wanamwaga maganda uani. Juzi nyoka alitoka humo akaingia jikoni kwa jirani yetu Mama Jovithe, na wezi wanajificha nyuma ya choo. Sasa mtaa umeanza kazi ya Jumamosi, wanasafisha nyumba zote zisizokaliwa. Yetu imewashinda kwa sababu ya kufuli, hawataki kugusa mahali palipofungwa na mwenyewe. Fundi Gélase, anayewaongoza, aliniambia, "Mama Dévote, andikia bwana atume ufunguo." Tafadhali utume.

Mkeo, Mama Dévote

Kambi ya mkonge, Muheza, 13 Machi 1966

Mama Dévote,

Barua imefika. Mimi nipo, mgongo ni ule ule, mikono imejaa miiba. Namshukuru Mungu kwa mtoto.

Huyo Gélase alikuambia wapi? Wewe uko Kibenga kwa mama yako, yeye yuko Gasenyi, mji mzima uko katikati. Alikuja na ile baiskeli yake? Nani alimpa kiti? Mimi sikusoma sana, lakini fundi aliyefiwa na mke namjua. Kabla sijakuoa alikuwa akijenga ukuta wa baba yako, ukuta usioisha.

Niliifunga nyumba ili mwanaume asikae humo nikiwa mbali, nikakupeleka kwa mama yako. Ufunguo uko shingoni kwangu, nalala nao. Nyoka wakae. Nyoka hawaombi maji ya kunywa kwa mke wa mtu.

Mumeo, Baba Dévote

Kibenga, 1 Mei 1966

Baba Dévote,

Pole na miiba. Sisi tunapumua.

Gélase alisema nami kwenye mkutano wa mtaa huko Gasenyi, mbele ya watu wote, na mama yangu alikuwa pembeni. Kiti hakupewa, alisimama.

Mvua imeangusha ukuta wa nyuma. Shefu wa mtaa ametangaza kwamba nyumba itakayobaki bila mtu hadi mwisho wa kiangazi itapewa mtu mwingine. Mume wangu, udongo wa nyumba ile niliubeba kichwani, Dévote akiwa mgongoni. Niambie, unanilinda mimi au unalinda kufuli?

Mkeo

Muheza, 5 Juni 1966

Mama Dévote,

Nimesoma. Sijalala vizuri.

Ukuta umeanguka. Na fundi wa mtaa ni nani? Ni Gélase! Kwa hiyo atakoroga udongo, wewe utampelekea maji, atasema "Asante, Mathilde," maana najua hatakuita Mama Dévote. Apana. Nitajenga mwenyewe nikirudi.

Massoudi, tunayelala naye chumba kimoja, alinisomea barua yako tena, akacheka: "Kaka, umefunga nyumba, umeacha mke nje." Sili naye tena.

Mumeo

Muheza, 4 Septemba 1966

Mama Dévote,

Mko wazima? Sijapata hata mstari mmoja. Wenzangu wanapokea barua, mimi napokea miiba. Kama ni yeye, niambie. Kama mtoto anaumwa, niambie. Kukaa kimya kunanila kuliko jibu baya.

Mumeo

Gasenyi, 25 Septemba 1966

Mume wangu,

Hatuumwi. Unisamehe kunyamaza, nilikuwa na udongo hadi viwikoni. Angalia juu, naandika kutoka wapi.

Kufuli nililivunja mimi, kwa jiwe, shefu akiangalia. Wanawake walifyeka majani. Mama Jovithe alikuta sufuria yetu chini ya maganda akapiga vigelegele. Ukuta tuliusimamisha mimi, yeye na jirani mwingine, Adélaïde. Gélase alileta kamba ya kunyooshea, lakini hakukanyaga uani. Alipiga kelele kutoka barabarani, "Kushoto kidogo! Mi nabaki huku, nisije nikaandikwa kwenye barua ya Muheza!" Watu walicheka sana. Mimi nilicheka, halafu niliona aibu kwa ajili yako.

Shefu amesema nyumba ni yetu. Tunalala humo, mimi na Dévote. Nimenunua kufuli jipya, ufunguo ninao mimi. Ule wako haufungui kitu. Ukija, piga hodi kama watu wengine.

Mkeo, Mathilde

Muheza, 23 Oktoba 1966

Mathilde,

Namshukuru Mungu mko wazima.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni tangu ilipofika. Na Massoudi tumeshaanza tena kula pamoja. Ameniuliza habari za huyo fundi, anasema amempenda. Nimemwambia ale ugali wake.

Ufunguo nimeuvua. Shingoni umeacha alama nyeusi, na vijana wa kambi wananiuliza nilikuwa nimefungwa na nani.

Naomba ruhusa ya Noeli. Ukuta nitautazama mwenyewe, na kamba ya Gélase mumrudishie kabla sijafika. Hodi nitapiga. Lakini atakayeniitikia "karibu" awe wewe tu.

Mumeo, Baba Dévote