Kiota Kilichofukuliwa Kabla ya Wakati

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje, na mpunga wa Mwamkulu mmeuvuna au ndege wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima. Ninachoumwa ni hasira. Juzi kwenye simu ulinikatiza, ukaniambia nimwombe bosi msamaha. Sasa soma mpaka mwisho, halafu ndiyo useme.

Kazi yangu huku kwenye visiwa vya hifadhi unaijua, kulinda viota vya kasa. Kasa anataga ufukweni, anafukia mayai mchangani, anarudi zake baharini. Sisi tunachomeka kijiti pale, tunafukuza kunguru na kenge, tunasubiri. Mchanga ukititia, tunajua vitoto vimeshatotolewa na vinapanda juu. Hapo ndipo wageni wanaitwa, wakae pembeni waangalie vikikimbilia maji. Ni kitu kizuri sana, dada, hata mimi sijakizoea.

Wiki iliyopita walikuwepo wageni wanaoondoka kesho yake, na bosi alikuwa ameshawaahidi kasa. Mchanga haukuwa umetitia hata kidogo. Akaniamuru nifukue, nikakataa. Akamwita mwenzangu wa ufukwe wa pili, yeye akafukua. Vitoto vikatolewa na kiini cha yai bado kimening'inia tumboni, vinatapatapa tu, kutambaa haviwezi. Wageni wakapiga picha. Mama mmoja akaniuliza mbona haviendi. Nikamwambia ukweli, kwamba vimetolewa mapema na vingi vitakufa. Akalia. Bosi akanuna, na jioni kunguru walishiba.

Kinachonichoma ni kwamba bosi huyu alianza kazi kama mimi. Kijiti changu cha kwanza tulikichomeka pamoja. Ndiye aliyenifundisha kulala kifudifudi na kuusoma mchanga. Anajua. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kifaranga hatolewi kwenye yai kwa kucha, mama angemchapa. Halafu mtu mzima, mwenye kujua, anafanya hivyo kwa sababu ndege ya wageni inaondoka asubuhi!

Sasa anataka nisimame mbele ya wageni wapya, ambao habari ile imeshawafikia, niseme nilikosea, vitoto vile vilikuwa vizima. La sivyo kazi sina. Najua ada ya Pendo wangu unayemlea inatoka hapa, usidhani nimesahau. Lakini nikisema hivyo leo, kesho ataniambia nifukue kiota kingine, na sitakuwa na mdomo wa kukataa.

Kwa hiyo jana alfajiri nilipita ufukwe wangu wote nikang'oa vijiti, kisha nikasawazisha mchanga kwa tawi la mvinje. Viota vilivyobaki navijua mimi peke yangu. Bosi akaja amefura.

"Maganga, viota viko wapi?"

"Vikiwa tayari nitakuita, bosi."

Akaniambia vikiisha nifunge mizigo niende kwetu. Nikamwambia sawa.

Nisalimie mama, na shemeji akirudi kutoka shambani Kabungu mwambie nitahitaji jembe. Mjomba wetu fundi baiskeli naye msalimie, ingawa najua atanicheka. Pendo mwambie baba yake anakuja bila kazi, na umweleze kwa nini, usimfiche. Ila sitoki hapa kabla kitoto cha mwisho hakijaingia majini kwa miguu yake.

Mdogo wako mkaidi,
Maganga