Kibao cha Barasa

Jumanne, Kitale

Barasa hajui nilichomfanyia leo.

Wiki jana tulikuwa tunaongoza wageni kwa baiskeli kando ya kinamasi, nikawaambia ndege "wanarara" kwenye mafunjo. Akanicheka mbele yao: "Huyu dada ni wa Kimilili, bana. L imemshinda!" Yeye mwenyewe wa Kanduyi!

Leo ameniletea kibao cha pale tunaposimamisha wageni wapate chakula. Amekiandika kwa mkono wake, herufi nyekundu: MAHALI PA KURA.

"Si iko sawa, Nekesa?"

"Iko sawa kabisa."

Rangi ilikuwa bado mbichi, ningemwambia afute. Bosi akikiona atatufokea sote, najua. Lakini wacha. Jumamosi wageni wakifika na njaa, Barasa awapigishe kura.