Nipe Mgongo

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako nimeisoma, marahaba. Bibi yako anakohoa, ila shambani haachi kwenda. Habari za mvua nisikuchoshe nazo, mimi mwenyewe zimenichosha.

Unauliza kama ni utovu wa adabu kutomwamkia mkubwa mnapojifunza shabaha huko kambini. Kabla ya uhuru nilikuwa mlinzi wa mgodi karibu na Songwa. Siku moja ya mazoezi ya shabaha, Mzee Masanja, mpishi wetu, alikuja nyuma yangu na ndoo ya maji ya kunywa. Sisi tumelelewa kumgeukia mkubwa ndipo tumwamkie. Basi nikageuka, nikainama: "Shikamoo, baba." Bunduki ilikuwa na risasi, nayo iligeuka pamoja nami.

Mzee hakuitikia. Aliutazama mtutu uliomwelekea tumboni, akasema polepole, "Mwanangu, nipe mgongo."

Kumpa mkubwa mgongo! Niliona haya, lakini nikageuka. Nilipokwisha kutoa risasi na kuilaza bunduki chini ikitazama shabaha, ndipo nikasikia nyuma yangu: "Marahaba."

Wape mgongo, Kabula. Wataitikia.

Babu yako,
Maganga