Dalali Alisema Nimtoe na Mume

Mpendwa Mama Namukose, nakusikiliza redioni kila nikipika, leo naomba na wewe unisikilize, kwa sababu mume wangu amekataa kuwa mume wangu. Mimi ni Ramula wa Kimaka, hapa Jinja, na mume wangu ni Dauda, zamani alikuwa sajini, na tangu vita viishe nataka tuuze nyumba tuhamie Mbale, kule Nkoma, karibu na binti yetu Fatumah, lakini kila mnunuzi akiingia sebuleni akaona ukuta mwekundu, kawa zangu za kufunikia chakula, za rangi zote, na picha kubwa ya Dauda amevaa gwanda, anasema atarudi kesho, ndipo dalali Siraje akaniambia, “Mama, watu wamechoka na jeshi. Mnunuzi anataka nyumba isiyofanana na mtu yeyote, aingie ajione yeye mwenyewe,” basi nikapaka rangi ya maziwa kila mahali, nikatundika mapazia ya kijivu, kawa na picha nikapeleka kwa jirani, halafu Siraje akamtazama Dauda, lile kovu la shavuni na ile sauti ya kambini, akasema, “Na afande naye tungemtafutia mahali,” nami, Mungu anisamehe, nikamwomba akae getini.

Akaja Bwana Gidudu, mfanyabiashara anayehamia huku kutoka Mbale, akamuuliza, “Mzee, wewe nani hapa?”

Dauda akajibu, “Mimi askari.”

“Na wenye nyumba?”

“Ni mama mmoja tu. Mume sijamwona.”

Gidudu aliipenda nyumba, lakini alimpenda askari zaidi, anasema atanunua kwa sharti mzee abaki kulinda, na Dauda amekubali, amehamisha godoro mpaka kibanda cha getini, nikirudi sokoni ananipigia saluti, ananiita madamu, nikimwita ndani ale anasema askari hali mezani kwa bosi, na Gidudu anakuja kulipa Ijumaa, nifanye nini?

Ramula, Kimaka

Ramula, nimecheka mpaka fundi mitambo akanizimia maikrofoni. Halafu nikaisoma tena, nikaacha kucheka.

Siraje hakukosea kuhusu ukuta. Ule wekundu ulimchosha hata aliyeupaka. Lakini mume hatolewi pamoja na mapazia. Umemweka getini, sasa unashangaa amekaa getini? Miaka ile ya vita tulificha watu wetu kwa kuogopa risasi. Wewe wako umemficha kwa kumwogopa mnunuzi.

Na wewe Dauda, najua unasikiliza hapo kibandani. Saluti moja ilitosha. Rudisha godoro.

Ramula, usipokee hata shilingi ya Gidudu kabla hujamwambia ukweli: huyu ndiye mwenye nyumba, alikuwa mwanajeshi, na hauzwi pamoja na geti. Akikimbia, mwache akimbie.

Lakini kwanza, leo jioni, pakua chakula upeleke kibandani, ukae chini mle pamoja. Umeniandikia “nataka tuuze.” Barua yako ni ndefu, na sijaona popote ulipomuuliza Dauda kama yeye anataka kwenda Mbale. Muulize. Ukishauliza, nyamaza umsikilize.