Jino si Mwili?

Columbus, Ohio
3 Oktoba

Dada Oleta,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Dewey. Ningesema mimi mzima, ila shavu la kulia halikubali. Ile keki uliyonitumia ilikuwa na kipande cha ganda la kokwa ya jozi, nami nikakitafuna kwa raha zangu zote. Gego likapasuka. Usilie, keki niliimaliza.

Shavu likavimba. Nikaenda hospitali, chumba cha dharura, wakanipa dawa za kuua vijidudu wakasema, "Muone daktari wa meno." Nikapiga simu kwa madaktari wa meno. Kote swali ni hilohilo: "Una bima?" Nasema ninayo, ya kazini, naezeka mapaa. "Hiyo ni ya mwili, bwana. Ya meno unayo?" Sina. Basi lipa kwanza. Sielewi, dada. Kadi ya bima nimeigeuza mbele na nyuma.

Mdogo wako,
Verlin

Bondeni, Kentucky
9 Oktoba

Mdogo wangu Verlin,

Hujambo, na shavu je? Sisi hatujambo, maharage tumevuna, simu bado haishiki huku. Nilimuuliza Dewey, "Kama jino si mwili, ni kiungo cha nani?" Unakumbuka baba alivyolipia ning'olewe meno yote, zawadi ya harusi, nisije nikamtia mume gharama? Nililia wiki nzima. Siku hizi nawaza pengine mzee alikuwa na akili. Au hakuwa nayo, sijui.

Jumamosi ya pili ya Novemba madaktari wa kujitolea wanakuja uwanja wa maonyesho. Wanang'oa bure, kadi hawaulizi. Njoo Ijumaa tulale kwenye lori, foleni huanza jioni.

Dewey naye ameamka shavu limeumuka kama mkate. Dawa zako zikibaki ututumie kwa posta. Kwetu dawa haitupwi, wajua.

Dada yako,
Oleta

Columbus
14 Oktoba

Dada,

Habari za huko? Mimi sasa nafuu, uvimbe umeshuka, nakula upande mmoja. Dawa nimezigawa nusu kwa nusu, za shemeji zimo humu. Chupa inasema nizimalize, lakini nimepona, nimalize za nini? Novemba nakuja. Mkate wa mahindi uwe laini.

Mdogo wako,
Verlin

Bondeni
21 Oktoba

Verlin mpendwa,

Wasalimie wenzako kazini. Ucheke kidogo: Dewey hana jino bovu! Aliumwa na nyigu akichokoa kiota kwa fimbo, nilikuwa nimemkataza, akaona haya kusema. Dawa zako hazijaguswa. Nizirudishe? Wewe unaendeleaje?

Dada yako,
Oleta

Bondeni
29 Oktoba

Verlin,

Salamu baadaye. Hujanijibu, nikapanda mlimani mpaka simu ikashika, nikapiga, ikaita tu. Dawa nimezitia humu. Zimeze zote, hata kama umepona. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, nyigu, Dewey, au mimi niliyeomba. Niandikie hata neno moja.

Dada yako

Hospitali, Columbus
5 Novemba

Dada yangu,

Usishtuke na mwandiko. Niko hai. Barua yako wenzangu wa kazini wameniletea hapa. Kuongea siwezi, ndiyo maana simu iliita tu. Uvimbe ulirudi ukashuka shingoni, nikashindwa kumeza mate, halafu pumzi ikaanza kukataa. Wamenipasua shingo kutoa usaha. Niliogopa sana, dada. Nilikuwa nakuita wewe.

Nilipozinduka niliandika kwenye karatasi: nani analipa? Mama wa ofisi ya malipo akanipiga-piga mkono. "Usijali, baba. Bima yako inalipa. Hii ni shingo."

Nikaandika: na jino?

Akapekua, akaenda kuuliza, akarudi na uso mwingine. Jino bado limo mdomoni. Madaktari wa shingo hawang'oi meno. Nimepewa karatasi: nikitoka, nimuone daktari wa meno.

Nimeisoma nikarudia. Nimemuuliza muuguzi, naye kaisoma, kanirudishia.

Ulimi wangu unaligusa sasa hivi ninapoandika. Mwambie Dewey nyigu hana kosa, wala wewe huna. Alhamisi wananiruhusu. Njoo na lori, blanketi mbili, na mkate uwe laini kabisa. Twende moja kwa moja tukashike foleni.

Mdogo wako,
Verlin