Sufi Haikauki Gizani

Ukiokota daftari hili, usimsomee mtu. Si hakimu, si mama yangu. Nakusihi, hata jina langu lifiche.

Jumatatu, 1 Juni 1998
Nimefagia, nimepanga majalada, nimefungua stoo ya vielelezo vya mahakama. Harufu. Panya wamekojolea blanketi la viraka. Lilikuwa la marehemu mama wa dada wawili, Bi Somoe wa Naipingo na mdogo wake, Bi Hadija wa Chunyu. Mama huyo alilishona kwa mkono, vipande vya kanga alizobebea watoto wake, ndani kajaza sufi. Kila mmoja anadai aliachiwa yeye. Kesi Ijumaa. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Naogopa.

Jumanne, 2 Juni
Hakimu alikwenda Nachingwea. Nikalifua. Maji ya moto, sabuni ya unga, nikalikamua kama shati. Nilidhani nafanya vizuri. Nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Sufi imejikusanya pembeni, mafundo kama ngumi. Mimi mjinga.

Jumatano, 3 Juni
Halijakauka. Nje siwezi kulianika. Kila apitaye kwenda kisimani analijua. Nimelitandaza mezani stoo, nimefunga mlango. Nakaa hapo mlangoni nikiandika samansi. Hakimu kauliza mbona nanuka sabuni. Nikasema nimefua mapazia. Mapazia yana vumbi. Ameyatazama.

Alhamisi, 4 Juni
Uvundo. Vidoa vyeusi vya ukungu kwenye kiraka cha njano. Nimewaza kusema limeibwa. Nimewaza kudandia lori la Ruangwa mjini nisirudi. Lakini mlango ungevunjwa, lingekutwa, nami ningefuatwa. Sijala.

Ijumaa, 5 Juni
Hakimu akasema, "Karani, kielelezo."
Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote: nimelifua, nimeliharibu, liko stoo, bado bichi.
Likaletwa. Bi Somoe akalibonyeza, pembe hadi pembe.
"Binti, shule umesoma miaka mingapi?"
"Kumi na mmoja, mama."
"Na yote hiyo hawakukufundisha maji ya baridi?"
Watu wakacheka. Bi Hadija hakucheka. "Sufi haifuliwi," akasema. "Unafumua mshono, unaitoa, unafua nguo yake tu. Mama alitufundisha."
Bi Somoe akamtazama.
Kesi imeahirishwa mpaka likauke. Hakimu kachukua ufunguo. Nimeandika barua ya kujieleza. Mwandiko wangu mzuri ule ule. Umenichukiza.

Jumamosi, 6 Juni
Uani nyuma ya mahakama, kwenye mkeka, kwa ruhusa ya hakimu. Bi Somoe kafumua upande huu, Bi Hadija upande ule. Hawasemeshani. Wote wanapitia kwangu.
"Mwambie huyo asivute uzi."
"Mwambie huyo nilikuwa nashona yeye akicheza."
Nguo tumeiloweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi, tumeisuuza bila kuikamua, tumeianika kivulini, ndani nje. Sufi iko juani. Naipiga kwa kijiti, polepole, mpaka ilegee. Wekundu hautatoka. Hakuna aliyesema neno juu ya wekundu. Bi Hadija kanipa muhogo wa kuchemsha. Nimekula.
Sijui kama Jumatatu nitakuwa karani.
Ukitaka kunirudishia daftari, usilipeleke mahakamani. Zunguka nyuma. Ulizia binti anayepiga sufi. Utaniona katikati ya mkeka, dada mmoja huku, mmoja kule.